Wiki tatu za spika za nyuma kukaa bubu: risiva ya mtumba sebuleni kwangu Nzuguni

Risiva yenyewe (siyo king'amuzi, ni ile mashine inayosukuma sauti kwenye spika za sebuleni) ni Yamaha ya mtumba, ya chaneli saba, yaani inaweza kuendesha spika saba. Mimi naitumia na spika tano na sabufa moja, na huu ni mwezi wa nne tangu nianze. Kabla ya kutoa hela niliigeuza nikasoma kibandiko cha nyuma: volti 230. Usiruke hatua hiyo. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinakula volti 100, na ukiichomeka kavukavu kwenye umeme wa TANESCO umeiua kabla hujaisikia.

Fundi nilimtoa mjini, nikamlipa elfu sitini. Kwa macho, kazi safi kabisa: waya kaupitisha kwenye tranking, spika za nyuma kazitundika kwenye kona, karibu ziguse gipsamu. Akawasha, muziki ukalia, akaaga. Usiku tumekaa na familia tuangalie filamu, nyuma kimya. Nikapanda stuli, nikabandika sikio kwenye spika, hata mkwaruzo hamna. Kumpigia simu, akanijibu, "Kaka, hizo spika zitakuwa zimekufa." Nikamwamini wiki tatu nzima, nikaanza hadi kuulizia bei za nyingine.

Jumamosi moja nikaivuta risiva kutoka kwenye kabati. Vumbi la Dodoma lilishatandika zulia juu yake. Kwa nyuma kuna sehemu mbili zinazofanana za kufungia waya, moja imeandikwa "Surround", nyingine "Surround Back". Hiyo ya pili ni ya spika ya sita na ya saba. Fundi alifunga huko. Ukiwa na spika tano, unafunga kwenye ile ya kwanza. Kule kwingine hapaendi kitu.

Nikahamisha, nikawasha, ikajizima yenyewe. Nikamulika kwa tochi ya simu. Ncha ya waya ilimenywa kama sentimita tatu, na unywele mmoja ulikuwa umelala umegusa tundu la jirani. Risiva ilikuwa inajilinda na shoti. Nilipoukwangua ule waya kwa kisu, chini ya wekundu ukatoka weupe: alumini iliyopakwa shaba. Nikaung'oa wote, nikanunua wa shaba tupu wa milimita 2.5. Safari hii nilimenya sentimita moja tu, nikausokota kwa vidole mpaka ukakaza kama utambi, ndipo nikafunga.

Kwenye boksi kulikuwa na kimaikrofoni ambacho fundi alikiita cha karaoke (nilicheka baadaye, siyo siku hiyo). Kazi yake ni kupima spika. Unakiweka pale unapokaa, usawa wa masikio, unanyamazisha nyumba, risiva inapiga mlio kwenye spika moja moja na kujirekebishia umbali na kiwango cha sauti. Kilipomaliza, kioo kikaandika W-1, maana yake kuna spika chanya na hasi zimepishana. Ni ya nyuma kushoto. Kuhakikisha, nikachomoa waya wake kwenye risiva, nikavua kitambaa cha spika, nikagusisha ncha na betri ya rimoti ya volti 1.5, chanya kwa waya mwekundu. Koni ikarudi ndani, wakati ya kulia ilitoka nje. Mwanangu alitaka nirudie mpaka betri iishe.

Zile kona nazo nilizihama. Spika za nyuma sasa ziko ubavuni mwa kochi, zimerudi nyuma kidogo, kama sentimita 60 juu ya masikio. Mvua ya kwenye filamu inanyesha chumba kizima.

Mpira wa kwenye king'amuzi changu ni habari nyingine: unakuja stereo, yaani chaneli mbili tu, hivyo nyuma panalia pale tu ninapochagua kwenye rimoti Pro Logic, mfumo unaozisambaza hizo mbili kwenye spika zote. Na kama unaleta sauti kutoka kwenye TV kwa waya wa HDMI, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV utoe PCM (sauti ambayo TV imeshaifungua yenyewe) uweke bitstream (sauti inayopelekwa kama ilivyo, risiva ndiyo iifungue), la sivyo risiva inapokea chaneli mbili tu.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa joto, maana inachemka na inataka nafasi juu yake ipumue. Mke wangu alishaiandalia kitambaa cha kufuma. Tumekubaliana kikae kwenye sabufa.