Denon AVR-X1800H: inatosha sebule nyingi, ilimradi uipange vizuri

Denon AVR-X1800H ni risiva, yaani mashine inayopokea sauti na picha kisha kuendesha spika za sebuleni. Ina chaneli saba za amplifaya (kila moja huendesha spika moja), HDMI sita za kuingiza na moja ya kwenda kwenye TV, pamoja na matundu mawili ya sabufa (spika ya besi). Kwa sebule ya mita nne kwa tano, yenye spika za kawaida za omu (kipimo cha ukinzani) 6 au 8, hakuna haja ya kupanda zaidi ya hapo. Pesa inayobaki ipeleke kwenye spika na sabufa, maana huko ndiko masikio yatakapoisikia.

Madukani watu hubishana sana kuhusu wati. Hii hutoa wati 80 kwa kila chaneli, zikipimwa chaneli mbili kwa pamoja. Kaka yake, X2800H, hutoa 95. Tofauti hiyo haifiki hata desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa sababu ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli tatu tu. Spika yenye usikivu (ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 90 badala ya 87 inakupa nyongeza hiyohiyo ya tatu bila kugusa amplifaya. Kwa hiyo kabla ya kulipia wati, soma karatasi ya spika.

Ukiwa na ukumbi mpana uliofunguka hadi jikoni, au spika za omu 4, hapo X3800H ina maana: wati 105, chaneli tisa, matundu ya kuunganisha amplifaya za nje, na sabufa nne zinazopangwa kila moja peke yake. Kwenye X1800H matundu mawili ya sabufa hutoa sauti ileile, na huwezi kuongeza amplifaya ya nje kwa spika za mbele.

Upande wa picha, usiitarajie risiva iboreshe chochote. Kazi yake ni kupitisha picha bila kuiharibu, na hii inaifanya vizuri: 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, 8K kwa fremu 60, na mifumo ya rangi na mwangaza ya Dolby Vision na HDR10+. Ila tundu zinazobeba hizo 4K/120 ni tatu tu, zile zenye alama ya 8K. PS5 au Xbox Series X ichomeke hapo. Kisha ingia Setup, Video, 4K/8K Signal Format, uchague 8K Enhanced, la sivyo konsoli ya michezo itakataa kukuonyesha 120. Waya wa HDMI nao uwe wa aina ya Ultra High Speed. Waya wa zamani hukata picha kwa sekunde moja moja, na mtu hudhani risiva imeharibika.

Kicheza diski kiende moja kwa moja kwenye risiva, kisipitie TV. TV za Samsung za miaka ya karibuni hazipitishi DTS (aina ya sauti inayotumika kwenye diski nyingi za filamu), na LG C1 na C2 vilevile. Netflix iliyomo ndani ya TV haina shida: Atmos yake (sauti inayotoka hata juu yako) hurudi kwenye risiva kupitia tundu la HDMI la TV lenye alama ya eARC.

Sasa umeme. Risiva zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 tupu, hazina swichi ya kubadilisha. Ukiichomeka kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Nairobi, utaiunguza. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma kabla hujatoa pesa. Kama ni ya 120, utahitaji transfoma ya kushusha, angalau ya wati 1000, na hiyo nayo hupiga mngurumo sebuleni. Tafuta ya volti 230. Hata hiyo iwekee stebilaiza au fridigadi, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo.

Kinachoipa mashine hii thamani ni Audyssey MultEQ XT, mfumo unaopima sebule kwa maiki na kurekebisha sauti, na ndipo wengi wanapokosea. Maiki iliyomo kwenye boksi inapima sehemu nane. Ya kwanza iwe pale unapokaa wewe, kwenye usawa wa masikio, kwani umbali na kiwango cha kila spika huhesabiwa kutoka hapo. Nyingine zizunguke ndani ya sentimita 60 hivi. Usiishike mkononi wala kuiegemeza kwenye mgongo wa kochi. Iweke juu ya stendi. Zima feni na AC, na friji kama iko karibu. Feni ikizunguka, kipimo cha besi kinavurugika.

Kabla ya kupima, kitufe cha krosova cha sabufa (mpaka ambao chini yake besi huchezwa na sabufa) kisukume hadi mwisho, na sauti yake iweke katikati. Ukimaliza, angalia kiwango ilichopewa sabufa. Kikisoma -12, kimefika kikomo: punguza sauti kwenye sabufa yenyewe, upime upya. Halafu angalia spika za mbele. Mara nyingi Audyssey huziandika Large. Zibadilishe ziwe Small, krosova 80 Hz, ili besi nzito ibebwe na sabufa na amplifaya ipumue. Dynamic EQ iwashe, inasaidia sana usiku ukisikiliza kwa sauti ndogo. Dynamic Volume izime, inabana tofauti ya sauti kubwa na ndogo za filamu.

Kwa chaneli saba unapata Atmos ya 5.1.2: spika tano za kawaida, sabufa moja na spika mbili za juu. Spika za kurusha sauti juu ili igonge dari na kurudi zinahitaji dari tambarare na ngumu. Chini ya paa la mteremko lisilo na dari ni hasara tupu.

Acha nafasi ya sentimita 15 au zaidi juu yake, na usiweke king'amuzi juu ya matundu ya hewa. Ikijizima na taa nyekundu ikapepesa kila baada ya sekunde mbili, imepata joto. Ikipepesa haraka, kila nusu sekunde, kagua nyuzi za waya wa spika: uzi mmoja tu ukigusa tundu la jirani au bati la nyuma, mashine hujilinda.

Ukipata X1700H ya 2021, ya volti 230 na kwa bei nafuu, ichukue. Kwa sauti hutaona tofauti ya maana. Risiva za 2020 zikague kwanza: Denon, Marantz na Yamaha zilitoka na chipu ya HDMI iliyoshindwa 4K/120 kutoka Xbox Series X. Kama una konsoli hiyo, mwambie muuzaji akuonyeshe picha ikifanya kazi hapohapo dukani.