Mfuko wa soko la fedha: mzuri kwa fedha za dharura, dhaifu kwa fedha za uzeeni

Kwa mtu anayeweka akiba kidogo kidogo, mfuko wa soko la fedha ni bidhaa nzuri ya kuanzia, ila unasifiwa kupita uwezo wake. Wengi wanachanga, meneja anazikopesha fedha hizo kwa muda mfupi: serikalini kupitia dhamana za siku 91 na zinazokaribiana nazo, benki kupitia amana za muda maalumu, mara nyingine kwa makampuni makubwa. Faida huhesabiwa kila siku na kugawanywa kulingana na vipande vya kila mwekezaji, yaani sehemu ya mfuko anayoimiliki. Kuingia si kazi. Unahitaji kitambulisho, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki yenye jina lako, na kiwango cha chini cha kuanzia kwa kawaida ni kidogo.

Penye kazi ni kwenye asilimia. Tuseme dhamana zilizomo ndani ya mfuko zinazalisha asilimia 10 kwa mwaka. Meneja anachukua ada ya asilimia 2, zinabaki 8. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ikiwa asilimia 15 ya faida, inaondoka 1.2 nyingine, na mkononi mwako inafika 6.8. Kwa 100,000 ulizoweka, hiyo ni 6,800 kwa mwaka, yaani kama 18.60 kwa siku. Bei za vitu nazo zikipanda kwa asilimia 5, uwezo wako wa kununua umeongezeka kwa asilimia 1.7 tu. Sasa rudia hesabu hiyohiyo kwa ada ya asilimia 1: mwishoni, baada ya kodi na kupanda kwa bei, unabaki na kama asilimia 2.5, karibu mara moja na nusu ya ile ya mwanzo. Dhamana ni zilezile, serikali ni ileile, tofauti ni ada peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala liwe hili: asilimia unayonitajia ni kabla au baada ya ada na kodi? Akianza kuzunguka, chukua ripoti ya mwezi uisome mwenyewe.

Kuna mtego mwingine wa tarakimu. Mfuko mmoja unatangaza asilimia 10, wa jirani 10.5, na watu wanahama. Ukichunguza unakuta ni mavuno yaleyale: wa kwanza umetaja kiwango kabla faida haijaanza kuzaa faida, wa pili umejumlisha riba juu ya riba kwa siku zote 365. Linganisha kiwango cha aina moja kwa kingine cha aina hiyohiyo, la sivyo unalinganisha matangazo.

Uzuri wa mfuko hupimwa siku ya kutoa fedha. Ombi lina saa ya mwisho ya kupokelewa. Likichelewa, linahesabiwa la siku ya kazi inayofuata. Malipo huchukua siku 1 hadi 3 za kazi. Ombi la Ijumaa jioni linasomwa Jumatatu, na kwa malipo ya siku mbili fedha zinaingia Jumatano. Mgonjwa hasubiri Jumatano, kwa hiyo matumizi ya wiki moja au mbili yabaki kwenye akaunti ya kawaida hata kama hayazai chochote. Kero inayojirudia ni ya majina: kitambulisho kina majina matatu, benki wameandika mawili, malipo yanarudi yalikotoka na mzunguko unaanza upya. Hakikisha majina yanalingana siku ya kujiunga. Kisha, wiki ya kwanza, toa kiasi kidogo kwa majaribio: hesabu siku, angalia makato, na uone kama kuna kiwango ambacho salio haliruhusiwi kushuka chini yake.

Na usalama? Mali za mfuko hukaa kwa mtunza dhamana, taasisi nyingine inayozihifadhi, mbali na mali za meneja, hivyo kampuni ya meneja ikifilisika vipande vyako haviwi sehemu ya madeni yake. Hilo ni jambo zito. Lakini bima ya amana inayolinda akaunti za benki haivifikii vipande. Septemba 2008 huko Marekani, mfuko wa aina hii uitwao Reserve Primary Fund ulikuwa umeshika hati za madeni za benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers za dola milioni 785. Lehman ilipoanguka, wawekezaji wakakimbilia mlangoni, kipande cha dola 1 kikashuka hadi senti 97, utoaji ukasimamishwa. Mwishoni walirudishiwa zaidi ya senti 99 kwa kila dola, ila kwa mafungu na kwa kusubiri. Kwa mtu aliyeziweka kama fedha za dharura, kusubiri ndiyo hasara yenyewe. Mwaka 2010 sheria za huko zikapunguza kikomo cha wastani wa muda wa kuiva kwa dhamana za mifuko hii, yaani siku zilizobaki hadi mkopo ulipwe, kutoka siku 90 hadi 60.

Ndiyo maana kwenye ripoti ya mwezi tazama mambo mawili kabla ya mavuno: wastani huo wa siku za kuiva, na nani amekopeshwa kiasi gani. Mfuko unaolipa asilimia 3 zaidi ya wenzake haujagundua serikali yenye ukarimu zaidi. Umekopesha kwa muda mrefu, au umekopesha wadaiwa dhaifu.

Alama zangu ni za juu kwa matumizi ya miezi 3 hadi 6, ada ya shule ya muhula ujao, au malipo ya awali ya kitu utakachokinunua ndani ya mwaka. Kwa fedha za miaka 20 alama zinaporomoka. Kuna kanuni ya haraka: 72 ukiigawanya kwa asilimia ya ukuaji wa mwaka, unapata miaka ya fedha kuongezeka maradufu. Gawanya 72 kwa ile 1.7 iliyobaki baada ya kila kitu: uwezo wako wa kununua utaongezeka maradufu baada ya miaka 42 hivi. Fedha za muda huo zinahitaji hati fungani ndefu na hisa, pamoja na moyo wa kuvumilia zinaposhuka. Anayedaiwa mkopo wa asilimia 24 naye aulipe kwanza. Hakuna mfuko wa aina hii utakaomlipa kiasi hicho.

Kwenye fomu, sehemu inayorukwa sana ni ya mnufaika, yaani atakayezipokea fedha ukifariki. Ijaze, na asilimia za kila mmoja zijumlike kuwa 100. Ikiachwa wazi, familia itazifuata fedha hizo kwa njia ya mirathi, na mfuko uliosifiwa kwa kutoa fedha ndani ya siku tatu utazishikilia kwa miezi.