Bunduki ya upepo, uchukue 4.5 au 5.5? Nimezipiga zote mbili hapa Moshi

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo nipo huku chini tambarare, Moshi, ni asubuhi na mlima uko wazi kabisa hapo nyuma yangu, nimewahi makusudi maana mchana upepo wa huku ukishaanza hutaelewa kama umekosa wewe au vumbi ndo limekuyumbisha. Mezani nina bunduki mbili za upepo, zote za kukunja mtutu, zote za springi, yaani springi ndo inasukuma upepo, tofauti yake kubwa ni upana wa tundu la mtutu tu. Hii ni milimita 4.5, wengi wanaiita pointi moja saba saba, na hii hapa ni 5.5, pointi mbili mbili. Na hiyo pointi mbili mbili tafadhali msiichanganye na ile ya baruti, ile ni silaha nyingine kabisa, risasi zake hata hazifanani.

Kabla sijapiga hata moja, nasema hili na naomba mnisikilize. Usianze kwa kununua, anzia polisi. Silaha hapa kwetu zina sheria yake ya mwaka 2015, nenda kituoni kwako uliza unatakiwa uwe na nini, ndo uje kuongea habari ya bei. Na ndege na wanyama wa porini waache, wao wana sheria yao ya 2009, mimi hapa napiga karatasi basi.

Haya, ngoja nisogeze kamera. Mnaiona hii kwenye kiganja? Hii ndo risasi yake, ni risasi kweli, yaani madini ya risasi, laini. Angalia kiuno kilivyobana hapa katikati, halafu nyuma iko wazi kama sketi. Upepo unaingia humo kwenye sketi, unaitanua kidogo inakamata mistari ya ndani ya mtutu, inatoka inazunguka. Sasa ona hii nyingine, sketi imebonyea upande, nilidondosha kopo wiki iliyopita, hii haifai tena, ukiipiga itaenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo kopo linabebwa kama unavyobeba mayai.

Ya 4.5 ina uzito wa nusu gramu hivi, ya 5.5 inafika karibu gramu moja. Hapo ndo ugomvi wote ulipo. Chukua nguvu ileile, tuseme joule 16, joule ni kipimo cha nguvu, na hiyo 16 ndo kama kikomo cha kumiliki bila cheti kule England, ile ndogo itatoka na mita kama 240 kwa sekunde na ile kubwa kama 175. Ndogo inafika haraka, haidondoki sana njiani, ukikadiria vibaya umbali kwa mita tatu nne bado unaipata karatasi. Kubwa inapinda kama jiwe la kurusha, lazima umbali uujue, ila ikigonga kibao cha chuma utasikia mwenyewe, kinaenda chini moja kwa moja.

Sasa watu wanaangalia boksi, wanaona futi 1,200 kwa sekunde, wanasema hii ndo yenyewe. Jamani. Hiyo namba mara nyingi wameipata kwa risasi nyepesi ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali nyepesi, na futi 1,200 ni mita 366, umeshapita mwendo wa sauti, kirisasi cha umbo hili kikipita pale na kurudi kinayumba. Shabaha nzuri iko chini ya hapo. Mashindano ya dunia ya mita 10 wanatumia 4.5, mwendo wa kawaida tu, na kile kidoa cha pointi kumi kina upana wa nusu milimita, nusu! Mchezo huu uko Olimpiki tangu 1984, na Paris 2024 medali ya dhahabu ya kwanza kabisa ilitoka kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, Wachina waliichukua.

Kitu kingine, hizi za springi zinaruka mbele na nyuma kabla risasi haijatoka, kwa hiyo usiikabe. Iache ilale juu ya kiganja, bega liguse tu. Nilihangaika mwezi mzima nikidhani mtutu umepinda kumbe ni mkono wangu. Halafu usiifyatue tupu, bila risasi springi inaisukuma pistoni igonge mwisho wa silinda kwa nguvu. Na oili! Fundi mmoja aliniambia niweke oili ya kawaida kwenye silinda, nikaweka, ikalia kama baruti, moshi ukatoka mtutuni, nilipofungua ile sili, kile kizibo kinachozuia upepo usivuje, ilikuwa imeungua ukingoni, nyeusi. Upepo ukibanwa ghafla unapata joto, oili inawaka humo ndani. Siirudii.

Na usipigie kwenye kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. Migomba haizuii kitu, ng'ambo kuna jirani, kuna watoto wanapita mfongoni, kwenye mfereji wa maji. Mimi nyuma ya karatasi nina viroba vitatu vya mchanga, na nyuma yake ni tuta la udongo.

Nimepiga tano tano kwa mita 10, oneni karatasi. Hii ya 4.5, naweka sarafu ya mia, matundu yote matano yamefunikwa. Hii ya 5.5, naweka sarafu ileile, manne yamo, moja limechungulia hapa pembeni. Si bunduki mbaya, na tundu lake ni kubwa unaliona bila kusogea, lakini kukunja mtutu wa hii niliyo nayo ni kazi, nikifika risasi ya thelathini mkono unatetemeka.

Kwa hiyo yule dada wa Usa River aliyeuliza achukue ipi ajifunze kulenga karatasi na mume wake, dada yangu chukua 4.5, tena ile nyepesi isiyo na nguvu nyingi, na kopo lake mara nyingi lina risasi 500 utapiga mpaka ushibe. Mwenye vibao vya chuma na nafasi ya mita 25 kuendelea, huyo namwelewa akichukua 5.5. Mimi hapa naosha mikono kwanza kwa sabuni, maana hii risasi ni sumu, ndo nikanywe chai.