Utando ulionenepa au uvimbe? Uzoefu wangu wa kipimo cha MRI mjini Kisumu

Nilifika katika kituo hiki cha picha za uchunguzi nikitokea Ahero, nikiwa nimeumwa na kichwa kwa zaidi ya miezi mitatu na nimeanza kuona vitu viwili viwili. Picha ya CT (ya eksirei inayoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka) niliyopigwa kwingineko ilikuwa imeandikiwa ripoti ya mistari minne tu: meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, mgonjwa afanyiwe upasuaji. Daktari wa upasuaji wa ubongo, ambaye ninamshukuru hadi leo, alikataa kulifungua fuvu langu kwa kutegemea ripoti hiyo, akaagiza MRI, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, yenye dawa ya kontrasti, ambayo hudungwa ili sehemu zenye kasoro zing'ae kwenye picha.

Kwa kuwa dawa hiyo ina metali iitwayo gadolini, ambayo hutolewa mwilini na figo, niliulizwa kuhusu mzio na nikaonyesha matokeo ya kipimo cha figo. Nililala ndani ya mashine kwa takriban dakika 45. Lawama yangu iko hapa: hakuna aliyenieleza mapema kwamba picha hupigwa kabla ya sindano na tena baada yake, kwa hiyo nilipomwona mhudumu akija na bomba la sindano nilidhani jambo baya limeonekana. Mtu anayesubiri kuambiwa kama ana uvimbe kichwani asiachwe akikisia.

Lakini ripoti yao ilikuwa ya kiwango kingine kabisa. Mtaalamu wa radiolojia aliniita mbele ya skrini akasema, "Mama, tazama hapa." Nilidhani ningeona donge la mviringo, kumbe palikuwa na utando mgumu wa nje ulionenepa na kutambaa kama utepe, uking'aa baada ya kontrasti. Alinieleza kwamba ule mkia unaong'aa kando ya meninjioma, ambao wengi huuchukulia kuwa ushahidi tosha, huonekana pia kwenye limfoma (saratani ya seli za kinga), kwenye TB ya utando, na hata kwenye saratani ya matiti iliyosambaa. Kilichomfanya aitilie shaka zaidi meninjioma ni kwamba katika picha za T2, mojawapo ya aina za picha za MRI, sehemu ile ilikuwa nyeusi, dalili ya tishu iliyojaa nyuzinyuzi, jambo linaloonekana mara nyingi pale utando unaponenepa kwa inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili unaovimbisha tishu. Picha za msambao wa maji, zinazoonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu, nazo hazikuonyesha msongamano wa seli anaoutarajia katika limfoma.

Hata hivyo aliandika waziwazi kwamba picha peke yake haiwezi kufunga shauri hili, akapendekeza kipande kidogo kichukuliwe na kueleza ni upande gani kinapatikana kwa usalama zaidi. Kwangu mimi sentensi hiyo moja ilistahili gharama yote niliyolipa. Maabara ilikuta inflamesheni, bila seli za saratani wala vimelea vya TB, nikaanzishiwa vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza inflamesheni.

Baada ya miezi minne nilirudi na sidii ya picha za kwanza, wakazilinganisha na mpya, na utando ulikuwa umepungua unene. Macho yangu yameacha kuona viwili. Nimepangiwa picha ya tatu, nami nitaipiga hapahapa, kwa sababu picha za mashine moja zilizopigwa kwa utaratibu uleule hulinganishwa kwa uhakika zaidi.