Husuni Kubwa, Kilwa: Ukifika Kisiwani Usiishie Msikitini!

Haya, habari zenu nyote, mlioko Lindi, Mombasa, Muscat na kwingineko, karibuni tena kwenye chaneli. Leo hakuna simu wala spika mezani. Leo nachambua jumba la kifalme, na nasema mapema kabla hujaenda kutazama video nyingine: sijaona jumba la kale kwenye pwani yetu linalonipendeza kuliko hili. Tuko Kilwa Kisiwani, hapa panaitwa Husuni Kubwa.

Dhahabu ya Sofala, Wareno kuivamia Kilwa 1505, hayo mmesoma shuleni, naruka. Shikeni hili tu: jumba ni la karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyekuwa akitawala wakati Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100. Limejengwa juu ya genge, bahari iko chini yetu, na kuna ngazi za kuteremkia ufukweni.

Sasa tazameni hapa. Hiki ndicho kilichonileta. Bwawa!

Hesabuni pembe pamoja nami, nazunguka taratibu na kamera: moja, mbili, tatu, nne... tano, sita, saba, nane. Pembe nane, jamani, na zimepangiliwa vizuri. Nainama hapa ukingoni, siugusi, na nyie mkija msiguse, maana chokaa hii ina umri wa karibu miaka 700. Mnaona hivi vipande vyeupe? Ni matumbawe. Walikuwa wanarundika magogo, juu yake wanapanga matumbawe, wanachoma mpaka yawe chokaa, kisha wanachanganya na mchanga na kujengea. Yale ya kuchonga nakshi yalikatwa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, na yakikaa hewani yanakuwa magumu. Ngoja nirudi upande ule jua linapopiga... Hapo! Angalieni kivuli kinavyokunjika kwenye kila pembe. Fundi alijua anachofanya.

Halafu jiulizeni maji yalitoka wapi. Kisiwa hiki hakina mto, watu ni wa visima. Kujaza shimo lote hili ni kuchota, kubeba, kumwaga, kurudi tena. Na aliyebeba hakuwa Sultani.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja Sultani alikuwa akitoka kuswali, fakiri mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazichukua zile nguo, akamfidia fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwa ukarimu huo akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Lakini hao ni watu ishirini, waliotolewa zawadi, na hakuna hata mmoja tunayemjua jina. Msafiri huyo huyo anaandika kwamba Sultani alikuwa akivamia nchi za watu wa bara mara kwa mara. Nalipenda jumba hili sana, na hilo pia linaniuma nikiwa nimesimama hapa. Waongoza wageni, nawaomba, lisemeni hili bila kulipitia juujuu.

Tuingie vyumbani. Chumba hiki ni kirefu, lakini nikinyoosha mikono mnaona kilivyo chembamba. Paa la bapa lilikuwa linakaa juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba uliishia pale boriti ilipoishia. Hata Sultani alipimiwa chumba na mkoko! Ule ua mkubwa wa kusini, wenye vyumba vingi vimeuzunguka, unaonekana ulikuwa wa biashara na kuhifadhi mali. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba hapa miaka ya 1960, aliona kwamba kuna sehemu hazikuwahi kumalizika, na jumba halikukaliwa kwa muda mrefu. Ila jina la mwenyewe lilisafiri: sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, kusini mwa Afrika. Sarafu za Kilwa zimepatikana hata kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Australia!

Najua wa Unguja mnaandika kwenye maoni sasa hivi: Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, je? Naiheshimu. Sultani Barghash aliijenga 1883, na sehemu yake ilipoanguka Desemba 2020 niliumia kama nyie. Lakini hili liliitangulia kwa zaidi ya miaka 500. Na hili nalo si salama. UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 mpaka 2014, na bahari bado inakula kingo.

Gharama: kibali kinakatwa Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo bara, kabla ya kupanda chombo, na raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Bei sitaji kwa mdomo, zinabadilika. Chombo mkichanga watu kadhaa ni nafuu zaidi.

Kinachoniudhi ni kimoja. Wageni wengi wanaona Gereza, ile ngome ya kale, wanaona Msikiti Mkuu, wanapiga picha, wanarudi Masoko, kwa sababu huku ni mwendo wa miguu na kivuli ni kidogo. Video ijayo ni Songo Mnara, kwa hiyo jiungeni na mgonge kengele. Na ukija Kilwa, patana na kiongozi wako kabla chombo hakijang'oa nanga: Husuni Kubwa kwanza, asubuhi, na maji ya kunywa ya kutosha. Msikiti mtaupitia wakati wa kurudi.