Kuficha majina ya waombaji au kutenga nafasi za wanawake, ipi inawasaidia zaidi wanawake kwenye utafiti?

Watu wanabishana sana kuhusu hizi mbili, mi naona bora tuziangalie kwa mifano.

Kuficha majina kwanza. Mwaka 2018 wanaogawa muda wa darubini ya anga ya Hubble waliamua majaji wasijue nani kaomba, yani hadi kuandika "kama tulivyoonyesha kwenye kazi yetu ya nyuma" haikuruhusiwa maana hapo ushajitaja. Raundi hiyo maombi yaliyoongozwa na wanawake yalipita kwa asilimia 8.7 na ya wanaume 8, wakati miaka mingi nyuma wanaume ndo walikuwa juu. Haina gharama kubwa, na inambeba hata mtafiti wa chuo kidogo ambacho hakuna anayekijua.

Ila inamsaidia aliyefika kuomba tu. Dada aliyeacha masters katikati kwa sababu ya mtoto mchanga, utaficha jina gani hapo? Ndo maana kwenye hii ya pili, ya kutenga nafasi, mi naikubali sana programu ya AWARD ya Nairobi, ipo tangu 2008 kwa wanawake wa utafiti wa kilimo, unapewa mentor wa kukuongoza halafu na wewe unamshika mkono mdogo wako anayeanza. Inakula hela na muda, na kuna wanaoita upendeleo (hapo siwaelewi kabisa, shambani nani analima?).

Kwa vyuo vyetu ningeanza na hii ya pili, kuficha majina kuje kwenye fandi za ndani, na humo waweke na hela ya mlezi wa mtoto mama akienda fildi.