Huduma ya kufuatilia miswada: tathmini kutoka ofisi ya hospitali ya watoto

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, ofisi yetu ya uhusiano na serikali katika hospitali moja ya watoto nchini Marekani imekuwa ikilipia huduma ya kufuatilia miswada kwa njia ya intaneti. Kampuni inayoitoa sitaitaja. Tumeitumia kila siku ya kazi, na kwa kuwa muda wa kuhuisha mkataba umewadia, naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotafakari kununua huduma ya aina hii.

Mteja huorodhesha maneno anayotaka yafuatiliwe, na kila alfajiri hupokea taarifa ya miswada iliyowasilishwa, iliyopelekwa kwenye kamati au iliyopangiwa kusikilizwa. Katika mabunge ya majimbo huduma hii ina manufaa makubwa, kwa sababu majimbo 50 hayana ratiba moja. Bunge la Texas, kwa mfano, hufanya kikao chake cha kawaida kila baada ya miaka miwili, na vikao vya namna hiyo huenda mbio. Jioni moja tuliarifiwa kwamba kamati ya jimbo ingejadili asubuhi iliyofuata malipo ya tiba ya usemi kwa watoto. Tulimpigia simu mtaalamu wetu akiwa bado wodini, na saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya wajumbe akieleza mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura anavyofundishwa kutamka herufi moja baada ya nyingine. Bila taarifa ile tusingefika.

Kasoro kubwa iko kwenye miswada ya shirikisho, na inatokana na jinsi sheria za watoto zinavyopatikana nchini humu. Ni nadra zipite zikiwa na majina yake zenyewe. Mpango wa bima ya afya ya watoto, CHIP, ulizaliwa mwaka 1997 ndani ya sheria ya kusawazisha bajeti, na muda wa fedha zake ulipokwisha tarehe 30 Septemba 2017, ulirefushwa Januari 2018 ndani ya mswada wa matumizi ya muda ya serikali. Utaratibu wa kuratibu matibabu ya watoto wenye maradhi mazito na tata, ambao watetezi waliupigania kwa miaka kadhaa kwa jina la ACE Kids, ulitiwa saini Aprili 2019 ukiwa ndani ya H.R. 1839, mswada ambao jina lake lilizungumzia uwekezaji na uwajibikaji katika huduma za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo inayoendeshwa na kila jimbo. Aliyekuwa akifuatilia jina tu angebaki anautazama mswada uliolala huku sheria yenyewe ikipita mlango wa pili.

Yalitupata hayo hayo. Usiku mmoja marekebisho yalipenyezwa katika mswada mrefu, na kifungu kimoja kiligusa usajili wa watoa huduma wa Medicaid walio nje ya jimbo. Hakikutaja mtoto wala hospitali, lakini kwetu kilimhusu mama anayempeleka mwanawe jimbo jirani kwa upasuaji wa moyo, ambaye huenda akasubiri wiki kadhaa daktari asajiliwe upya kabla ya kisu kugusa kifua. Mwenzangu ndiye aliyekiona, akisoma kurasa zilizochapishwa huku akishuka mstari kwa mstari na rula. Taarifa ya kampuni ilitufikia baada ya kamati kupiga kura. Tulipolalamika tuliambiwa tuongeze maneno ya kutafutia. Tuliyaongeza, na tangu hapo taarifa za kila siku zikawa nyingi kiasi kwamba hakuna anayezimaliza. Jibu hilo sikuliridhia na hadi leo siliridhii, kwani mteja analipia kuchambuliwa kwa mswada, na hapa kazi ya kuuchambua kama karanga ilirudishwa kwake.

Sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu za mikutano ni nzuri bila shaka. Taarifa za ushawishi, yaani za juhudi zetu za kuwashawishi watunga sheria, zinazotakiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1995, huwasilishwa kila robo mwaka, na kwetu kuzikusanya kumepungua kutoka siku mbili hadi asubuhi moja.

Nimependekeza tuendelee na kifurushi cha majimbo peke yake. Kwa Kongresi, yaani bunge la shirikisho, tovuti ya Congress.gov ya Maktaba ya Bunge inatoa bila malipo matini ya miswada na ya marekebisho, pamoja na arifa kwa barua pepe, na fedha itakayobaki naomba iajiri msomaji mmoja zaidi, hasa mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye dawati la malipo la hospitali, ambaye akikutana na maneno «watoa huduma walio nje ya jimbo» atajua mara moja ni mtoto yupi aliye nyuma yake.